Picha ya babu na bunduki yake: nisaidieni kuitambua kabla ukoo haujagawanyika

Mpwani_wa_Wete

Assalaam aleikum jamaa.

Bibi yetu ametangulia mbele ya haki mwezi uliopita, Mungu amrehemu. Tulipofungua kasha lake hapa Wete, Pemba, chini kabisa, chini ya kanga ambazo hata hajazikata, tukakuta picha ya baba mzaa babu. Amesimama wima, kanzu nyeupe, joho, kofia ya viua. Mkono wa kulia ameshika bunduki, kitako kimekaa chini karibu na mguu wake. Nyuma pana pazia lililochorwa nguzo za mawe na mnazi mmoja uliopinda.

Hadithi tuliyokua nayo ni kwamba mzee huyu alikwenda bara na Tippu Tip, na kwamba bunduki hii ndiyo aliyompigia ndovu. Sasa ami zangu wawili washaanza kuvutana. Mmoja anataka picha ikuzwe, itiwe fremu, iandikwe chini "Mwindaji wa ndovu, 1880". Mwingine anasema hiyo ni bunduki ya askari, kwa hiyo mzee alikuwa askari wa Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, si mwindaji. Juzi kidogo wasipeane mikono msikitini.

Nimeipeleka picha duka moja la mjini wakanisafishia, nakuwekeeni hiyo iliyosafishwa. Mimi naona kama kuna mrija chini ya kasiba (mtutu), na wenzo wa chuma chini ya triga. Nani anaijua?

Chumvi_Nyingi

Hiyo ni ya kauboi, yakhe. Babu yako alikuwa kauboi wa kwanza wa Wete. Ndovu alimfunga kamba kwanza.

FundiPicha_Vuga

Chumvi anafanya mzaha lakini hajakosea sana. Wenzo chini ya triga na mrija chini ya kasiba ni dalili za Winchester ya Marekani. Ule mrija ndimo zinamokaa risasi, moja nyuma ya nyingine kama treni. Ukisukuma wenzo chini na kuurudisha, risasi inapanda. Model ya 1873 ndiyo iliyotapakaa sana.

Na msiseme Winchester haikufika kwetu. Februari 1887 Stanley aliondoka Unguja kwa meli ya Madura kumfuata Emin Pasha, gavana aliyekwama huko bara, na Tippu Tip alikuwamo humo humo melini na watu wake. Msafara ule ulichukua Remington kwa mamia na Winchester chache. Hadithi ya ukoo wako inaweza kusimama kabisa.

Mpwani_wa_Wete

Ami mkubwa nimemsomea hii, amekwenda kununua fremu.

Maalim_Kasiba

Mwambie aende polepole na hiyo fremu.

Mimi nimekaa miaka mingi nikiandika madaftari ya stoo ya silaha, sasa nimestaafu, macho yamechoka lakini mazoea hayajaniacha. Jina la bunduki halitajwi mpaka uone inavyolishwa na inavyowaka. Kiwanda, nchi, nani alikuwa nayo, hayo ni ya baadaye.

Na wazee wetu walilijua hili. Sikilizeni majina yao. Bunduki ya mrao ni ile ya utambi unaofuka moto. Wenye asili ya Oman utawasikia wakiiita abu futila. Bunduki ya gumegume inapiga jiwe kwenye chuma ikatoa cheche. Bunduki ya fataki ina nyundo inayoangukia kikombe kidogo cha shaba chenye dawa ya kuwaka. Zote tatu zinashindiliwa mdomoni: baruti, kitambaa, risasi, kisha mdeki unasukuma mpaka chini. Halafu ndipo zikaja bunduki za viasi, zinazolishwa nyuma kwa risasi iliyokwisha fungwa pamoja na baruti yake. Lugha yenyewe imeshakupangia ngazi. Ukiitazama picha, uliza kwanza mzee wako yuko daraja gani ya ngazi hiyo.

Sasa Winchester ya 1873. Ina nyundo nyuma, inaonekana wazi, imechomoza kama kidole gumba. Kwenye picha yako mrija naona, nyundo sioni. Hizo ni dalili mbili zisizokaa nyumba moja. Tena ule mrija hauishii popote, unayeyuka kabla ya kufika mdomoni mwa kasiba.

Mwanangu, nifanyie hisani moja. Hesabu vidole vya mkono wa kulia wa babu yako.

Mpwani_wa_Wete

Sita.

Wallahi ni sita. Tumeitazama watu kumi na mmoja na hakuna aliyeona.

Maalim_Kasiba

Basi duka halikusafisha picha. Limeitia kwenye hizi programu mpya za kompyuta zinazonoa sura, na programu ikikosa kitu inakisia. Imekisia kidole, ikakisia na mrija. Tuletee ile yenyewe, kama ilivyotoka kashani, na ukungu wake na madoa yake. Doa la kweli lina faida kuliko mstari wa kubuni.

Binti_Ng'ambo

Na iskani kwa mashine, usipige kwa simu. Ukipiga kwa simu ukaiinamia, kasiba inarefuka au inafupika, halafu tutabishana bure hapa.

Mpwani_wa_Wete

Nimeiweka. Kuna la kusikitisha. Wale jamaa wa dukani waliona pembezoni pamechakaa, wakakata kwa mkasi karatasi nene iliyokuwa imebandikwa picha, pande zote nne, "ipendeze". Shangazi anasema chini palikuwa na maandishi ya dhahabu, jina la mpiga picha. Nimerudi kuuliza mabaki, washayatupa.

FundiPicha_Vuga

Innalillahi. Hapo ndipo palipokuwa na nusu ya jibu. Wapiga picha wa Kigoa waliokuwa Mji Mkongwe, kina Gomes, Coutinho, de Lord, walikuwa wakitia jina lao pale pale chini au nyuma ya karatasi nene. Ukipata jina la studio na mtaa wake, unaweza kuipanga picha ndani ya miaka michache. Enyi mnaosoma, msikate pembezoni mwa picha, hata pameliwa na mchwa.

Na Maalim, nakiri. Nimeiona ya asili. Mrija haupo. Winchester nimeirudisha Marekani.

Maalim_Kasiba

Hakuna neno, sote tunajifunza. Sasa tuisome.

Wenzo upo, wa kweli huo, umeanzia nyuma ya triga na kufuata shingo ya kitako. Nyundo hakuna, si kulia si kushoto. Kisanduku cha risasi mbele ya triga hakuna. Komeo la pembeni, lile la kuvuta nyuma ili risasi iingie, hakuna. Sehemu ya chuma juu ya triga ni fupi, bapa, imenyooka ubavuni kama kiberiti kilichosimamishwa. Kwa macho yangu hiyo ni Martini.

Martini-Henry iliingia jeshi la Uingereza mwaka 1871. Inabeba risasi moja tu kwa wakati. Ukivuta wenzo chini, kipande cha chuma ndani kinainama mbele, ganda linatoka, unatia risasi nyingine kwa kidole, unarudisha wenzo, tayari. Nyundo haionekani kwa sababu kinachopiga kimefichwa ndani. Ndiyo maana ukiikuta pichani inaonekana kama bunduki iliyosahauliwa kumalizwa.

Sasa urefu. Hapa watu wengi wanakosea kwa kukisia, na hakuna haja, maana mtu mwenyewe ni rula. Mzee amesimama na bunduki imesimama naye. Mchukulie kimo cha kawaida, sentimita 168 hivi. Gobore la Enfield la 1853, lile refu lenye pete tatu za kufunga kasiba kwenye mti, lina karibu sentimita 140. Mdomo wake utafika begani. Martini ya askari wa miguu ina kama 125, itafika kwapani. Lee-Enfield fupi ya vita vya 1914 ina 113, itaishia chini ya kifua. Martini fupi ya wapanda farasi ina 96, itaishia kiunoni. Hii ya babu yako inafika kwapani.

Kwa hiyo ami mdogo ana hoja. Ni bunduki iliyobuniwa kwa askari. Ila Martini hazikukaa jeshini tu, ziliuzwa, zikaigwa, zikawindiwa. Risasi yake ni pana, zaidi ya milimita 11, inamwangusha mnyama mkubwa. Bunduki ya askari mkononi haikufanyi askari.

Chumvi_Nyingi

Na joho begani halikufanyi kadhi. Endelea Maalim.

Mpwani_wa_Wete

Ami mdogo amefurahi, anasema "si niliwaambia, jeshi la Barghash".

Maalim_Kasiba

Mpunguzie furaha. Lloyd Mathews, ofisa wa manowari za Kiingereza, alipoanza kuliunda jeshi la Sayyid Barghash mwaka 1877, Waingereza walimletea Snider 500. Snider ni mnyama mwingine. Ilianza 1866, ni Enfield ya kushindilia iliyokatwa nyuma na kutiwa mlango unaofungukia ubavuni, na nyundo yake kubwa imebaki pale pale kulia. Ukiwa na picha ya askari wa miaka ile wa mwanzo, tafuta hiyo nyundo.

Na hapa niseme la mdeki, kwa sababu najua kuna atakayeuliza. Ukiona fimbo ya chuma chini ya kasiba usirukie kusema ni gobore. Snider ilibaki na mdeki wake, na Martini nayo ina fimbo ya kusafishia. Mdeki peke yake hauthibitishi kitu. Tazama nyundo, tazama nyuma ya kasiba.

Msasi_wa_Tumbatu

Nami nina ya kwangu, nisije nikaanzisha uzi mwingine. Picha ya wasasi (wawindaji) wa kwetu, mbwa saba, mikuki, nguruwe mwitu wawili wamelazwa chini (hao hawaliwi, walikuwa wakimaliza mihogo ya watu), na Mzungu mmoja amekaa kwenye kiti na bunduki mapajani. Ina komeo, lakini mkono wa komeo uko kushoto. Kuna bunduki za watu wa mkono wa kushoto zama zile?

FundiPicha_Vuga

Sheikh, kabla ya kutafuta bunduki adimu, geuza picha. Negativu za kioo zilikuwa zikichapwa kinyume mara nyingi tu, kioo kikiwekwa upande usio wake. Na zile picha za bati haziwezi kuwa vingine, daima zimegeuka kama kioo cha kujitazamia. Tazama koti la huyo Mzungu. Koti la kiume vifungo vyake viko upande wa kulia wa mvaaji, na ubao wa kushoto unalala juu. Ukiona kinyume, picha imegeuka.

Msasi_wa_Tumbatu

Koti limegeuka. Na mbwa mmoja ambaye babu alisema alikatika sikio la kulia, hapa ni la kushoto. Haya, nimeigeuza. Komeo limekwenda kulia. Kisanduku cha risasi kiko mbele ya triga, kimechomoza chini. Mti wa bunduki umekatika vipande viwili, pale penye chuma.

Maalim_Kasiba

Hiyo ya mwisho ndiyo alama. Mti wa mbele na mti wa kitako ni vipande mbalimbali, katikati pana kiungo cha chuma: ni ukoo wa Lee wa Kiingereza, Metford ya 1888 au Enfield ya 1895 na zilizofuata. Mauser ya Wajerumani haiko hivyo, mti wake ni mmoja tangu kitako mpaka mbele. Je, mti wa mbele unafika mdomoni mwa kasiba?

Msasi_wa_Tumbatu

Hapana, unaishia nusu. Kasiba imebaki wazi.

Maalim_Kasiba

Basi ni Lee ya kuwindia, mti nusu. Viwanda vya Uingereza viliwatengenezea maofisa na walowezi waliotaka bunduki ya risasi ile ile ya jeshi lakini nyepesi begani. Huyo Mzungu wako pengine ni ofisa wa wilaya aliyekuja kuangalia wasasi wakifanya kazi, yeye akapigwa picha.

Msasi_wa_Tumbatu

Ndiyo desturi yao. Mbwa na mikuki ndiyo iliyoua, kiti ndicho kilichopigwa picha. Hata chui wetu wa Unguja, yule aliyejazwa majani pale makumbusho, ukiuliza kwa wasasi watakwambia alikuwa akinaswa kwa mitego na mbwa zaidi kuliko bunduki.

Binti_Ng'ambo

Maalim, kabla hujamrudia babu wa Wete: na zile bunduki za midomo miwili za wale wawindaji wakubwa wa bara? Nimeziona kwenye kadi za posta, Mzungu na pembe za ndovu pande mbili kama mlango wa nyumba. Nazo nitazitenga vipi na shotigani ya kupigia ndege kama kanga?

Maalim_Kasiba

Swali zuri, dada, na ni gumu pichani. Zote zina kasiba mbili sambamba, triga mbili, zinavunjika katikati. Tazama vitu viwili. Kwanza mdomo: kasiba ya raifali ni nene ukutani, tundu dogo, shotigani ni nyembamba kama kikombe cha kahawa, tundu kubwa. Pili juu ya kasiba: raifali ina vilenga vya nyuma, vibao vidogo vya kusimama, wakati mwingine vitatu vinavyolala na kuinuka. Shotigani ina kitone kimoja tu mbele. Kama picha haioneshi hata kimoja katika hivyo, sema "ya midomo miwili" unyamaze.

Zile za kuvunja mifupa ya ndovu kwa baruti isiyo na moshi zilianza na Rigby wa London, .450 Nitro Express, 1898. Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipofika Afrika Mashariki 1909 alikuja na Holland & Holland ya midomo miwili, pamoja na Winchester ya 1895, ambayo ina wenzo lakini haina mrija: risasi zake ziko kwenye kisanduku chini. Hiyo inawapoteza wengi. Na kuna Bell, yule Mskochi aliyewaua ndovu zaidi ya elfu. Wengi wao aliwapiga kwa bunduki nyembamba, Mauser ya milimita 7, kwa sababu alijua ubongo ulipo. Kwa hiyo usiseme "bunduki ndogo, basi hakuwinda ndovu".

Nyingine inayotambulika hata gizani ni Mannlicher-Schönauer ya 1903, ya Austria. Mti umefunika kasiba mpaka mdomoni, mkono wa komeo bapa kama kisu cha siagi, na chini hapachomozi kitu, maana risasi zake zinazunguka ndani ya tumbo. Fupi, inafika kitovuni. Ukiiona, picha ni ya 1903 au baadaye. Baadaye kwa kiasi gani, bunduki haikwambii. Watu waliwinda nazo miaka hamsini.

Binti_Ng'ambo

Ahsante Maalim. Sasa mimi nina neno, na ninaomba ami zake Mpwani wakae chini kwanza.

Tangu jana nilikuwa nikiitazama hiyo bunduki nikihisi naijua. Leo nimekwenda kwa mama nikaomba albamu. Tunayo picha ya baba yake bibi. Pazia ni lile lile: nguzo mbili, mnazi uliopinda, na kwenye nguzo ya kulia pana mpasuko wa rangi mfano wa herufi Y. Na ameshika bunduki. Kuzeni pale penye shingo ya kitako, chini kidogo ya wenzo. Imefungwa waya. Mizunguko mitano, na mzunguko wa nne umelala juu ya wa tatu.

Sasa kuzeni ya babu wa Wete, pale pale.

FundiPicha_Vuga

Mizunguko mitano. Wa nne juu ya wa tatu.

Chumvi_Nyingi

Lahaula.

Binti_Ng'ambo

Na baba yake bibi alikuwa mpishi wa nyumba moja ya Wahindi, mtaa wa Malindi hapa Unguja. Hajapata kupiga bunduki maisha yake. Mama anasema hata kuku alikuwa akimwita mtu aje kumchinja.

Mpwani_wa_Wete

Kwa hiyo bunduki ni ya studio?

FundiPicha_Vuga

Ndiyo, ndugu yangu. Studio zilikuwa na vitu vyake: kiti cha kuchonga, meza ya duara, saa ya mfukoni isiyokwenda, jambia, na wakati mwingine bunduki. Unaingia na kanzu yako, unatoka mtu mzima. Kitako kimevunjika, wamekifunga waya, haifai tena kupiga lakini kwa picha inafaa.

Tena Binti Ng'ambo, yako nyuma ina nini?

Binti_Ng'ambo

Ni kadi ya posta. Nyuma pana mstari katikati, upande mmoja pa barua, upande wa pili pa anwani.

FundiPicha_Vuga

Basi tumepata ukingo. Kadi za kugawanywa nyuma kwa mstari ziliruhusiwa kwanza Uingereza, mwaka 1902. Picha yako haiwezi kuwa kabla ya hapo. Na mpasuko wa rangi kwenye pazia ni ule ule katika picha zote mbili, basi hazikupishana kwa mbali sana. Tippu Tip alirudi Unguja kwenye miaka ya 1890 mwanzoni akatulia mjini, akafa 1905. Ndovu wa 1880 hayumo kwenye picha hii.

Mpwani_wa_Wete

Nimewasomea wote wawili, sebuleni. Ami mkubwa amesema "basi bunduki si yake lakini ndovu ni wake". Ami mdogo amesema studio ilinunua bunduki kutoka jeshini, kwa hiyo hoja yake haijafa. Fremu imeegemezwa ukutani, haina kitu.

Maalim, hakuna namna nyingine ya kujua kama mzee alikuwa na bunduki?

Maalim_Kasiba

Ipo, lakini si pichani. Bunduki huondoka, vifaa vyake hubaki, kwa sababu hakuna anayevijua. Tafuteni nyumbani pembe ya baruti, hata kama inatiwa misumari sasa. Kalibu ya kumiminia risasi: koleo ya chuma au shaba yenye tundu la duara kichwani, wengi wanadhani ni ya kubanjia karanga. Au mdeki.

Na msitarajie Martini. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za viasi na za mifuo (zenye mistari ya kuzunguka ndani ya kasiba) kuingia sehemu zote kati ya digrii 20 kaskazini na 22 kusini, nasi tumo katikati. Serikali na wakubwa walipata vibali vyao. Mtu wa shamba Pemba, mwenye mikarafuu na nguruwe wanaomfukulia mihogo, bunduki aliyoweza kuwa nayo ni gobore la fataki au gumegume, lile alilorithi au kununua zamani.

Mkiikuta yenyewe, msiiguse triga wala msichungulie mdomoni. Magobore mengi yalitundikwa ukutani yakiwa yameshindiliwa, na baruti kavu haizeeki. Mwiteni sheha, na sheha awaite polisi.

Mpwani_wa_Wete

Pembe hakuna. Kalibu hakuna. Shangazi anacheka, anasema katika nyumba hii chuma cha zamani ni kimoja tu, nacho ni fimbo ya pazia la ukumbini.

Maalim_Kasiba

Fimbo ya pazia ya namna gani?

Mpwani_wa_Wete

Ya chuma, nyembamba kama kidole cha mwisho. Nimepanda kiti nikaitazama bila kuishusha. Ncha moja imenenepa kidogo, ina mifuo ya kuzunguka, na imetobolewa tundu refu jembamba, kama la sindano ya kushonea magunia. Ncha ya pili ina nyuzi za skrubu. Nimepima kwa utepe wa fundi cherehani: mita moja kasoro kidogo.

Chumvi_Nyingi

Maalim kanyamaza. Maalim akinyamaza ujue kuna jambo.

Maalim_Kasiba

Nilikuwa nimekwenda kuchukua miwani.

Hilo tundu la sindano ni la kupitishia kitambaa cha kufutia kasiba. Zile nyuzi ni za kufungia chuma kilichopinda cha kuchomolea risasi iliyokwama. Huo ni mdeki wa Enfield, mwanangu. Ya 1853 kasiba yake ina sentimita 99. Inaweza kuwa ya Snider pia, ni ndugu moja, kwa hiyo ami mdogo asikate tamaa. Ila katika nyumba ya shamba mimi nasema gobore.

Ishushe utupigie picha ncha zote mbili, kwa karibu, kwenye mwanga wa dirishani, utie na rula kando. Nataka kuona kama pana muhuri wowote wa herufi.

Mpwani_wa_Wete

Shangazi amekataa. Pazia amelitia jipya juzi kwa ajili ya Idi, na wageni wanaanza kuja kesho. Anasema fimbo imekaa pale tangu yeye hajazaliwa, itakaa siku nne nyingine.